Maswali ya Wasomaji: Kuzuru Makumbusho ya Meli ya Titanic

Katika toleo lililopita ukurasa huu ulieleza kwa ufupi habari za Titanic Belfast, jumba la makumbusho lililofunguliwa tarehe 31 Machi 2012 huko Ireland ya Kaskazini, hatua chache kutoka mahali ilipojengwa Titanic, meli ya abiria iliyozama mwaka 1912. Barua zilizofuata zimetoka kwa wingi Dodoma na wilaya za jirani. Zimenifurahisha sana, kwa sababu sisi watu wa bara tumezoea kuambiwa kwamba habari za meli ni za watu wa pwani. Nimechagua barua sita, na nimezifupisha bila kubadili maana yake.

Ndugu Mhariri, mimi ni mtumishi wa umma hapa Dodoma. Mwezi ujao natarajia kwenda London kwa mafunzo mafupi, na nitakuwa na siku mbili za mapumziko. Je, nifunge safari hadi Belfast, au kuna makumbusho ya karibu zaidi? Na viza yangu ya Uingereza itanitosha? – Msomaji wa Area D, Dodoma

Nianze na viza, kwa kuwa hapo ndipo watu hukwama. Belfast ni sehemu ya Uingereza, hivyo viza uliyopewa kwa ajili ya London inakutosha, mradi usafiri moja kwa moja kati ya miji hiyo miwili. Utashawishika kununua tiketi ya ndege ya kwenda Dublin kwa kuwa wakati mwingine huwa nafuu, kisha upande basi kuelekea kaskazini. Usifanye hivyo kabla ya kuomba kibali kingine, kwa sababu Dublin ni mji mkuu wa Jamhuri ya Ireland, nchi yenye viza yake, na Mtanzania anaihitaji hata kama ana ya Uingereza mkononi. Mpakani kati ya pande hizo mbili hakuna geti wala askari anayekusubiri, lakini hilo halimaanishi kwamba sheria haipo.

Kuhusu mahali pa kwenda, lipo jumba jingine la kuheshimika mjini Southampton, liitwalo SeaCity, na kutoka London ni mwendo wa treni wa saa moja na ushei. Titanic iling'oa nanga Southampton tarehe 10 Aprili 1912, na wengi wa wafanyakazi wake walikuwa wakazi wa mji huo: wapakia makaa, wahudumu, wapishi, mabaharia. Sakafuni mwa jumba hilo imechorwa ramani kubwa ya mji, na kila nyumba iliyofiwa imewekewa alama nyekundu. Waliokufa kutoka mji huo mmoja walizidi 500, na ipo mitaa ambayo alama hizo zimebanana kiasi cha kukufanya usimame.

Hata hivyo, kwa kuwa una siku mbili, ushauri wangu ni Belfast. Ndege hutumia kama saa moja na robo, na kutoka katikati ya mji unaweza kupanda basi, treni, au ukatembea kwa miguu kwa karibu nusu saa. Jengo lenyewe lina pembe nne zilizochongoka kama omo za meli, yaani sehemu zake za mbele, zote zikiwa na kimo kinachokaribia omo ya Titanic, na limevikwa maelfu ya vipande vya alumini vinavyobadilika rangi kadiri mawingu yanavyopita. Watu wengi hupiga picha hapo mbele, wakaingia ndani, wakatoka na kuondoka zao, nami nakuomba usiwaige. Zunguka nyuma ya jengo, ufike kwenye chelezo, yaani mahali meli inapoundwa kabla ya kushushwa majini. Hapo ndipo Titanic na pacha wake Olympic ziliposimama bega kwa bega, na leo michoro ya sitaha zake, yaani sakafu za meli, imechorwa ardhini kwa vipimo vyake halisi, ili utembee kutoka omo hadi shetri, yaani nyuma ya meli. Ni mita 269. Eneo hilo la nje halina kiingilio.

Ndani, usiharakishe sehemu ya karakana ili uwahi vyumba vya matajiri. Bodi la meli hiyo liliunganishwa kwa ribiti, yaani vipini vya chuma vya kushikanishia mabamba, zipatazo milioni tatu, na ribiti hizo zilipigwa na vikundi vidogo vya watu vilivyolipwa kulingana na idadi ya ribiti walizomaliza kwa siku. Kijana mmoja alizipasha moto mpaka zikawa nyekundu, mwingine akazipokea na kuzichomeka tunduni, mtu mmoja akaishikilia kwa ndani, na wapigaji wawili wakaiponda kwa nje kwa zamu, nyundo baada ya nyundo, mpaka kichwa kikalala. Wengi walizeeka wakiwa viziwi. Samuel Joseph Scott, mpokea ribiti mwenye umri wa miaka 15, alianguka mwezi Aprili 1910 na kufa kwa kupasuka fuvu, na kwa miaka mia moja na zaidi kaburi lake halikuwa na jiwe. Hesabu inayotajwa ni kwamba watu wanane walipoteza maisha katika ujenzi wa meli hiyo, yaani kabla haijabeba abiria hata mmoja. Kwa maoni yangu, anayetoka Belfast bila kulijua jina la kijana huyo ameliona jengo tu.

Shikamoo Mhariri. Nasoma uhandisi chuoni hapa Dodoma. Ninachoshindwa kuelewa ni namna meli kubwa kiasi kile, yenye vyumba visivyopitisha maji, ilivyoweza kuzama kwa kugusana na barafu. Je, makumbusho yanaeleza jambo hili, au yanasimulia huzuni tu? – Mwanafunzi, Dodoma

Marahaba, mwanangu. Yanaeleza, na maelezo yake yana faida kwa yeyote anayesomea kazi ya kujenga vitu vinavyobeba watu.

Meli ilikuwa imegawanywa katika vyumba 16 kwa kuta za chuma, na hesabu za wasanifu zilionyesha kwamba ingeendelea kuelea hata kama vinne vya mbele vingejaa maji. Kasoro ilikuwa kwenye kimo cha kuta hizo, kwani hazikufika juu kabisa, bali ziliishia sitaha chache tu juu ya usawa wa bahari. Saa 5:40 usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, ikiwa katika mwendo wa zaidi ya kilomita 40 kwa saa, meli ilisugua mlima wa barafu kwa ubavu wa kulia, na maji yakapenya katika vyumba visivyopungua vitano. Wengi hudhani kwamba ubavu ulichanwa mpasuko mmoja mkubwa. Mhandisi Edward Wilding, mmoja wa wasanifu wa karakana iliyoijenga meli, alikokotoa wakati wa uchunguzi kwamba upenyo wote kwa jumla ulikuwa kama futi 12 za mraba, yaani zaidi kidogo ya mita moja ya mraba, na vipimo vilivyochukuliwa kwenye mabaki mwaka 1996 vilionyesha nyufa sita nyembamba zilizotawanyika. Omo ilipolemewa na kuinama, maji ya chumba kimoja yalifika juu ya ukuta na kumwagikia kinachofuata, kisha kinachofuata tena. Thomas Andrews, msanifu aliyekuwamo safarini, alikagua uharibifu na kumweleza Nahodha Edward Smith kwamba meli haina muda mrefu. Ilizama saa 8:20 usiku, saa mbili na dakika arobaini baada ya kugonga.

Lakini usiishie kwenye chuma. Muda huo ulitosha kuwashusha watu wengi zaidi ya walioshushwa, na hapo ndipo makumbusho yanapogusa jambo zito kuliko barafu. Kanuni za Uingereza zilizokuwa zikitumika ziliandikwa mwaka 1894, zikipanga idadi ya mashua za kuokolea kwa kuzingatia ukubwa wa meli uliopimwa kwa tani, na ngazi yake ya juu kabisa ilikuwa tani 10,000. Titanic ilikuwa na tani 46,328. Kwa kanuni hizo ilipaswa kuwa na mashua 16, nayo ilikuwa nazo 20, hivyo kisheria ilikuwa imepitiliza kiwango. Nafasi zote zilikuwa 1,178, ilhali uchunguzi wa Uingereza ulihesabu watu 2,201 waliokuwamo. Waliookolewa walikuwa 711. Hata nafasi hizo chache hazikujazwa: mashua namba 1, yenye uwezo wa kubeba watu 40, iliteremshwa ikiwa na watu 12.

Kisha kuna suala la redio, au simu ya upepo kama wazee walivyoiita. Waendeshaji wake, Jack Phillips na Harold Bride, walikuwa waajiriwa wa kampuni ya Marconi, na sehemu kubwa ya kazi yao ilikuwa kutuma salamu za abiria zilizolipiwa. Usiku ule meli iitwayo Californian, iliyokuwa imesimama kwa kuogopa barafu, ilimpasha Phillips habari hiyo, naye akaikatisha kwa kuwa alikuwa katikati ya kazi. Mwendeshaji wa Californian, ambaye alikuwa peke yake chomboni bila wa kumpokea zamu, alizima mtambo na kulala muda mfupi kabla ya ajali. Carpathia, iliyoisikia sauti ya kuomba msaada, ilikuwa mbali zaidi na ilifika karibu alfajiri. Katika ukumbi wa Belfast unaohusu kuzama, utasoma na kusikia ujumbe huo ulivyofuatana, na utaona kwamba kila uamuzi, ukiutazama peke yake, ulikuwa wa kawaida kabisa. Mwaka 1914 mataifa yalitia saini mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini, ambao ulitaka mashua za watu wote na zamu ya redio isiyokatika, na doria ya barafu katika Atlantiki ya Kaskazini inaendelea hadi leo.

Mwanangu Mhariri, mimi ni mama mtu mzima wa Mpwapwa. Nilimpoteza ndugu yangu katika ajali ya MV Bukoba. Nimesoma kwamba huko Ulaya watu hulipa kiingilio kwenda kutazama vitu vya marehemu. Naomba unieleze, hivi ni sawa? – Mama wa Mpwapwa

Shikamoo mama, na pole sana. Tarehe 21 Mei 1996 bado ni jeraha katika nyumba nyingi za nchi hii, na swali lako ndilo lililonifikirisha kuliko mengine yote.

Naomba nikujibu kwa kukupeleka Halifax, nchini Kanada. Meli zilizokwenda kuokota maiti za Titanic zilitokea bandari hiyo, na 150 kati ya maiti hizo zilizikwa katika makaburi matatu ya mji huo. Katika makumbusho ya bahari ya hapo viko viatu vidogo vya ngozi, vya mtoto ambaye hajavuka miaka miwili. Alipoopolewa hakuna aliyemtambua, na mabaharia waliomwopoa walimgharimia maziko na jiwe la kaburi lililoandikwa mtoto asiyejulikana. Nguo za marehemu zilichomwa moto ili wasaka vitu vya kumbukumbu wasiziibe. Askari polisi aliyepewa kazi hiyo, Clarence Northover, hakuweza kuvitupa motoni viatu hivyo. Alivihifadhi kwenye mtoto wa meza yake ofisini, na familia yake ikavikabidhi kwa makumbusho mwaka 2002. Wataalamu walipochukua vipimo vya vinasaba mara ya kwanza walimtaja mtoto mmoja wa Kifini mwenye umri wa miezi 13, lakini viatu vilionekana vikubwa mno kwa umri huo. Vipimo viliporudiwa, ikabainika kwamba ni Sidney Leslie Goodwin, Mwingereza wa miezi 19, aliyesafiri daraja la tatu pamoja na wazazi wake na ndugu zake watano. Wote wanane walikufa. Viatu ndivyo vilivyomrudishia mtoto jina lake.

Kwa hiyo, mama, naona ni sawa pale ambapo kitu kinawekwa ili mwenyewe ajulikane na kuheshimiwa. Makumbusho hayo ya Halifax yana msimamo wa kutoonyesha chochote kilichochukuliwa kwenye mabaki yaliyo chini ya bahari, kwa sababu yanayahesabu kuwa kaburi. Vilivyomo ni vile vilivyookotwa vikielea au vilivyohifadhiwa na familia. Mabaki hayo yaligunduliwa tarehe 1 Septemba 1985 katika kina cha mita 3,800 hivi, na baadaye kampuni zilipandisha maelfu ya vitu na kuvizungusha katika maonyesho ya biashara. Hapo mimi sikubaliani nao. Tangu mwaka 2012 mabaki yanalindwa na mkataba wa UNESCO wa urithi ulio chini ya maji, na naona ulinzi huo ulichelewa.

Jambo jingine ninalolidai kwa makumbusho yoyote ya ajali ni kwamba yasisimulie habari za matajiri peke yao. Kati ya watoto 79 wa daraja la tatu, 52 walikufa. Katika daraja hilo kwa jumla alinusurika mtu mmoja kati ya wanne, na kwa daraja la kwanza walinusurika zaidi ya sita kati ya kumi. Jumba linaloonyesha vyombo vya fedha vya mezani na kuificha hesabu hiyo halistahili kiingilio chako. Nasi tuna makaburi ya Igoma jijini Mwanza, walikolazwa wengi wa ndugu zetu wa MV Bukoba, na ningependa mno siku moja pawe na mahali ambapo mtoto aliyezaliwa baada ya mwaka 1996 anaweza kusoma kwa utaratibu mzuri nini kilitokea, na majina ya waliokuwamo.

Nauliza kwa ufupi: ziara ya Belfast huchukua saa ngapi, na je, kuna meli halisi ya kuona? – Msomaji wa Singida

Tenga saa tatu, na ununue tiketi mapema kwa kuwa huuzwa kwa saa maalumu ya kuingia. Meli halisi ipo, nayo ni Nomadic, chombo kidogo kilichojengwa na karakana hiyohiyo mwaka 1911 ili kuwapeleka abiria hadi Titanic katika bandari ya Cherbourg, Ufaransa, ambako meli kubwa haikuweza kutia gati. Ndiyo meli pekee iliyosalia katika zile za White Star, kampuni iliyoimiliki Titanic, na unaruhusiwa kupanda.

Mhariri, mimi ni mstaafu wa shirika la reli, Manyoni. Mnatuandikia meli za Wazungu, ilhali ipo meli iliyopita hapa kwetu juu ya reli. Mbona hamuitaji Liemba? – Mzee wa Manyoni

Shikamoo mzee wangu. Umesema kweli, na sina sababu ya kuipita. Miaka miwili baada ya Titanic kushushwa majini, karakana ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, ilikuwa ikijenga meli iitwayo Graf von Götzen kwa ajili ya Ziwa Tanganyika. Ilipokamilika ilifunguliwa kipande kwa kipande, ikafungwa katika makasha 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli ya kati, iliyokuwa imefika Kigoma mwezi Februari 1914. Makasha hayo yalivuka Dodoma na Manyoni, katika njia ambayo wewe umeitumikia. Mafundi watatu wa Kijerumani, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, waliisimamia kazi ya kuiunda upya pamoja na vibarua wa huku, ambao majina yao hayakutunzwa kama yalivyotunzwa ya hao watatu. Iliingia majini Februari 1915, wakati Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia vimekwisha kuanza.

Mwezi Julai 1916, Wajerumani walipoona wanazidiwa, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, baada ya kuzipaka injini grisi nene ili zisile kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakaitengeneza, na ikarudi kazini mwezi Mei 1927 kwa jina la Liemba. Hebu fikiria kwamba chombo kilicholala miaka kadhaa chini ya ziwa kilikuja kubeba abiria, dagaa na mahindi kwa karibu karne nzima. Belfast wana jengo la fahari na hawana Titanic. Sisi tunayo meli yenyewe. Anayetaka kwenda Kigoma kuitazama aulize kwanza kwa kampuni ya meli kuhusu hali yake, maana umri wake unaihitaji ukarabati wa mara kwa mara, na akifika asiache kupita Ujiji kwenye makumbusho ya Dk. Livingstone.

Ndugu Mhariri, nafundisha historia katika shule ya msingi wilayani Kondoa. Wanafunzi wangu hawajawahi kuona bahari, na Belfast hatutafika. Naweza kuwafundishaje habari hizi zikawaingia? – Mwalimu wa Kondoa

Mwalimu, una kitu ambacho makumbusho mengi yangekionea wivu, nacho ni uwanja mpana. Chukua kamba na vigingi, upime mita 269 kutoka kona ya uwanja, hata kama utalazimika kuvuka barabara na kuingia shamba la jirani kwa ruhusa yake. Waache watembee urefu wote huo kabla hujawaambia ni wa nini.

Kisha chora kwa majivu umbo la mashua moja ya kuokolea: urefu mita 9, upana chini kidogo ya mita 3. Waingize humo wanafunzi 65 wakae, kwa kuwa hiyo ndiyo idadi iliyoruhusiwa katika mashua kubwa. Watabanana, watalalamika, na hapo ndipo uwaambie wanyanyuke wabaki 28, ambao ndio takriban idadi ya waliokuwamo katika mashua ya kwanza kuteremshwa, namba 7. Waulize ni nani angepanda na nani angekataa, ukikumbuka kwamba mwanzoni abiria wengi hawakuamini kuwa sitaha yenye taa na muziki ni hatari kuliko mashua gizani. Wape nafasi ya kubishana, wala usiwakatishe haraka.

Mwisho, kwa kamba ileile, pima mita 71, uwaambie huo ndio urefu wa Liemba, na uwaonyeshe kwenye ramani reli inakopita kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Wanafunzi wa Kondoa watakuuliza makasha 5,000 yalihitaji mabehewa mangapi, na hilo ni swali zuri la kipindi cha hesabu.